Pongezi kwa Wenye Sauti
Apitaye mtaa wa Wiyoni usiku wa harusi si ajabu akasikia wimbo wa Juma Bhalo, gwiji wa taarabu wa Mombasa aliyeyavisha mahadhi ya filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili. Filamuni kwenyewe, waimbaji kama Lata Mangeshkar waliimba, waigizaji wakachezesha midomo tu.

Hollywood nako ni yayo kwa yayo. Singin' in the Rain (1952) inaicheka hila hiyo: Debbie Reynolds anaigiza msichana anayemwazima nyota sauti. Kumbe humo humo, walau wimbo mmoja wa Reynolds uliimbwa na Betty Noyes, wala jina lake halikuandikwa! Waimbaji hao wasioonekana ndio ninaowavulia kofia. Bhalo, kwa upande wake, aliimba mwenyewe, ingawa mashairi mengi alitungiwa na binamu yake, Ahmad Nassir.