Lupita ambaye hatukumwona

Alfajiri ya Machi 3, 2014, Nairobi iliamka na habari moja tu mdomoni: Lupita Nyong'o ameshinda Oscar. Mimi nilikuwa mwandishi mchanga, na kama wenzangu wengi niliandika ile hadithi rahisi: binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, sinema yake kubwa ya kwanza, halafu ghafla nyota. Neno "ghafla" nililitumia mara mbili. Leo nataka kulifuta, kwa sababu linatufanya tumwone vibaya, na linatuficha jambo linalotuhusu sisi tuliobaki hapa.

Tuanze mahali kulipoanzia. Akiwa na miaka 14, Lupita aliigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players, jijini Nairobi. Juliet wa Shakespeare mwenyewe hajatimiza miaka 14, lakini mara nyingi nafasi hiyo hupewa wanawake wazima, kwa kuwa maneno yake ni mazito. Hapa alipewa msichana wa umri ule ule. Halafu, katika kikundi hicho hicho, akacheza vichekesho, On the Razzle na There Goes the Bride. Watu husahau hivyo vichekesho, na mimi naona ni muhimu kuliko Juliet. Kwenye kichekesho ukichelewa nusu sekunde, hakuna anayecheka, na unajua papo hapo kwamba umekosea. Hakuna kurudia, hakuna mhariri wa kukuokoa.

Sasa mrukie mwaka 2009, kwenye Shuga, ule mfululizo wa MTV uliopigwa hapa Nairobi kuhusu vijana, mapenzi na virusi vya UKIMWI. Lupita ni Ayira, msichana mwenye tamaa ya kupanda kikazi, ana mpenzi wake Ty, na pembeni yuko mwanamume mkubwa mwenye uwezo. Nimeirudia majuzi. Kusema kweli, si uigizaji mbovu, lakini unamwona anaigiza. Uso unatuambia anachohisi kabla hatujapata nafasi ya kujiuliza. Ni uso wa mtu aliyezoea kuwafikia watu wa viti vya nyuma, na kamera haijamfundisha bado kwamba yenyewe imeketi mbele kabisa.

Mwaka huo huo ilitoka In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino. Hapo hayuko mbele ya kamera. Yuko nyuma yake, anawasikiliza watu ambao kila siku hukodolewa macho barabarani. Nafikiri somo lake kubwa la sinema alilipata hapo: kutazamwa ni mzigo, na anayetazamwa ana haki ya kubakiza kitu chake.

Kisha akaenda Yale kusomea uigizaji. Miaka mitatu ya Chekhov, Shakespeare na wengineo, na katika mwaka wa kwanza akawa mwigizaji wa akiba kwenye Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira. Wapenzi wa mpira mnaijua hiyo kazi. Unajifunza kila neno na kila hatua ya mwenzako, halafu unakaa benchi. Huko ndiko hiyo "ghafla" yetu ilikokuwa inapikwa.

Ndiyo maana 12 Years a Slave, iliyotoka 2013, haikunishangaza nilipoirudia. Watu wengi hukumbuka Patsey anapochapwa. Mimi nakumbuka mikono. Kuna mahali ameketi shambani anatengeneza vidoli kwa mabua ya mahindi, na vidole vyake vina utulivu wa mtoto anayecheza nyumbani kwao. Kuna kile kipande cha sabuni alichokwenda kukitafuta shamba jirani kwa sababu bibi wa nyumba alimnyima. Anamweleza bwana wake kuhusu sabuni hiyo, na ndani ya hofu yote ile kuna msimamo: ni yangu, nilitaka tu kuwa safi. Ayira wa 2009 angetuonyesha maumivu yote. Patsey anayabana, na sisi ndio tunaoumia.

Kuna wanaosema Hollywood humpa mwanamke mweusi tuzo akiteseka tu. Siwapingi. Lakini tazama alichofanya baada ya hapo. Mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata kwenye Star Wars, kiumbe cha kompyuta kilichojengwa juu ya sauti na miondoko yake. Wengi tulilalamika: ati umepata mwanamke mzuri hivi halafu unamficha? Kumbe alitaka kazi ambayo haikuutegemea mwili wake kama ile ya Patsey. Mwaka huo huo alirudi kwenye Eclipsed huko New York, safari hii si akiba, na mwaka 2016 tamthilia ikaingia Broadway. Ilikuwa mara ya kwanza Broadway kupata tamthilia ambayo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote ni wanawake weusi. Lupita akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Nafasi yake haina hata jina. Anaitwa Msichana tu, yuko kwenye vita vya Liberia, miongoni mwa wanawake waliofanywa wake wa kamanda wa waasi na wanaoitwa kwa namba. Anashika bunduki ili asibakwe, kisha anagundua bei yake: lazima awakamate wasichana wengine. Tamthilia nimeisoma. Lupita jukwaani sikumwona. Wakenya wengi hatukumwona. Mwigizaji tunayemwita wetu tunamjua nusu, ile nusu inayofika kwenye skrini, na nusu iliyomjenga imebaki kwa waliokuwa na tiketi.

Sehemu ya nusu hiyo ilikuwa hapa hapa mjini. Phoenix walikuwa na ukumbi wao Professional Centre, jirani na Bunge, na mwaka 2017 wakaupoteza kwa sababu ya deni la kodi. Tulishangilia tunda, na miaka mitatu baadaye shina likang'olewa huku tukipita barabarani. Sisemi hakuna sanaa Nairobi; ipo, na vijana wanahangaika nayo. Nasema msichana wa leo mwenye miaka 14 anahitaji ukumbi mdogo wa kukosea mbele ya watu, kila wiki, na huo hauji na tuzo.

Na kama wewe uliwahi kuketi Phoenix ukamwona Juliet yule wa miaka 14, tafadhali andika unachokumbuka, hata kama ni rangi ya gauni tu. Jukwaa lisipoandikwa hupotea, na sisi waandishi hukimbilia kusema "ghafla".