Manju na Kifo cha Shujaa

Kila shujaa wa tendi za kale anakufa, au anaishi akijua kwamba atakufa. Manju analijua hilo kabla hajafungua kinywa, na wanaomsikiliza wanalijua pia. Hakuna anayeketi barazani akingoja kuona kama kifo kitashindwa. Hata hivyo watu huketi, usiku ukaenda, wakamlilia mtu ambaye hawakuwahi kumwona, kisha wakainuka wakiyathamini zaidi maisha yao wenyewe. Huo ni ufundi mkubwa, nao ndio ninaotaka kuusifu. Naamini siri yake ni ukweli: mtunzi bora humpa shujaa wake sifa zote anazostahili, lakini hamfichii kaburi.

Utendi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika nchi ambayo leo ni Iraki, ni shahidi wa kwanza. Toleo lake linalojulikana zaidi liko katika vibao 12 vya udongo, kwa lugha ya Kiakadi, na wasomi wa Babeli walilihusisha na jina la Sin-leqi-unninni. Vibao vingi vilifukuliwa Ninawi, palipokuwa na maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Mwaka 1872, mjini London, George Smith alisoma katika kimojawapo habari za gharika, na tangu hapo dunia ikarudishiwa utendi uliokuwa umelala ardhini zaidi ya miaka 2,000.

Mwanzoni Gilgamesh anatafuta jina. Anamshawishi rafiki yake Enkidu waende msitu wa mierezi wakamuue Humbaba, mlinzi wa msitu huo, kwa hoja kwamba siku za binadamu ni chache na heri afe ameacha habari. Ni maneno ya kijana ambaye kifo hakijabisha mlangoni pake. Kisha Enkidu anaugua. Analala kitandani siku 12, huku akisikitika kwamba hakujaliwa kufa vitani, na roho inamtoka. Gilgamesh anakataa kumzika. Anakaa na maiti siku sita na usiku saba, mpaka funza anadondoka kutoka puani mwa rafiki yake. Mtunzi angeweza kujaza kibao kizima kwa vilio. Alimleta funza mmoja, na tangu hapo mfalme haongei tena kama kijana. Anakimbilia nyikani amevaa ngozi za wanyama, akiuliza njia ya kumfikia Utnapishtim, mtu aliyenusurika gharika na kupewa uzima usiokoma.

Anapomfikia, anapewa mtihani: akeshe siku sita na usiku saba. Anaketi tu, usingizi unamchukua. Mke wa Utnapishtim anaoka mkate kila siku na kuuweka karibu na kichwa chake ili asije akakana. Akiamka anaikuta mikate imepangwa, wa kwanza umekauka, wa mwisho ungali juu ya makaa. Asiyeweza kushindana na usingizi atashindanaje na mauti? Hata mmea wa kurudisha ujana, alioutoa chini ya maji, unaibwa na nyoka wakati yeye anaoga. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Gilgamesh anarudi Uruk mikono mitupu, na la mwisho analofanya katika safari hiyo ni kumwonyesha baharia aliyefuatana naye ukuta wa mji, akimtaka apande juu yake na kuyakagua matofali. Kazi ya mikono ndiyo iliyobaki kwake, na mtunzi anaiona kuwa inatosha.

Manju wa Kigiriki wa utendi wa Iliad, ambaye jadi humwita Homer, alilikabili suala hilo kwa njia nyingine. Achilles wake amekwisha kuambiwa na mama yake kwamba ana njia mbili. Akibaki kupigana Troy hatarudi kwao, lakini sifa yake haitakufa; akienda nyumbani ataishi sana na jina lake litapotea. Na shujaa huyo mkuu kuliko wote, akiwa amekasirika kambini, anasema waziwazi kwamba ng'ombe na mali hupatikana tena, ila pumzi ikishatoka haishikiki. Sarpedon, anayepigana upande wa Troy, anamweleza mwenzake Glaucus hesabu ileile kwa utulivu: kama kuikwepa vita hii kungewafanya wasizeeke na wasife, asingesimama mstari wa mbele; lakini kwa kuwa vifo vimewazunguka kila upande, basi waende. Ujasiri katika tendi hizi unatokana na kukijua kifo. Miungu ya Iliad haifi, na kwa sababu hiyo haiwezi kuwa na ujasiri.

Lakini ufundi unaonigusa zaidi uko kwa watu wadogo. Katika utendi huo wenye mistari zaidi ya 15,000, mamia ya watu wanauawa, na wengi wao tunakutana nao siku ya kufa kwao tu. Manju hawapiti hivihivi. Anasimamisha vita kwa mistari michache, anamtaja marehemu, baba yake na kwao. Axylus wa Arisbe, anatwambia, alikuwa mtu wa mali aliyejenga nyumba kando ya njia na kumkaribisha kila mpita njia. Siku Diomedes, mpiganaji wa Kigiriki, alipomuua, hakuna hata mmoja wa wageni wale aliyekuwapo kusimama mbele yake. Mistari michache tu, na maiti mmoja kati ya mamia amekuwa mtu ambaye tungependa kula naye. Hapo sifa inakoma kuwa mali ya wafalme. Manju ameigawa kama chakula cha karamu, kila mtu na fungu lake.

Tazama pia mahali anapouacha utendi wake. Hamalizii kwa Troy kuchomwa wala kwa ushindi wa Achilles. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku katika kambi ya adui na kuibusu mikono ya Achilles iliyowaua wanawe. Wote wawili wanalia, kila mmoja akiwalilia wake, kisha wanakula pamoja. Utendi unaishia kwenye mazishi ya Hector, mwana wa Priam, upande wa walioshindwa. Na katika utendi wa Odyssey, mzimu wa Achilles unamwambia Odysseus kwamba ingekuwa heri awe kibarua wa maskini duniani kuliko mfalme wa wafu wote. Mtunzi aliyejenga sifa ya Achilles hakuogopa kuiuliza kama ilistahili bei yake.

Ufundi huu haukushuka kutoka mbinguni. Miaka ya 1930 Milman Parry, msomi wa Marekani, alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tendi. Mwaka 1935 mmoja wao, Avdo Međedović, mchinjaji asiyejua kusoma wala kuandika, alitunga utendi wenye mistari zaidi ya 12,000. Aliubeba kichwani, kwa mafungu ya maneno aliyojifunza kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Ufundi huu ni kazi ya masikio, ya miaka mingi ya kukaa na kunyamaza mbele ya mjuzi.

Pwani yetu nayo ina mjuzi wake. Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, una tukio linaloweza kusimama karibu na Priam bila kuona haya. Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na mchomaji ni mwanawe wa kumzaa. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anapachika mshale katika uta, na hapo anakufa. Mji mzima unabaki na kiu, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumsogelea maiti. Mama yake anaitwa amtulize kwa maneno, akidhani mwanawe amekasirika. Mwisho mwili unaanguka, na mwana msaliti haipati zawadi aliyoahidiwa. Fahari ya Liyongo inadumu kisimani baada ya pumzi kwisha, lakini Kijuma hamwachi hapo milele. Anamwangusha, kwa sababu mwili wa binadamu lazima uanguke.

Walimu wengi huwapa wanafunzi orodha ya sifa za shujaa waikariri: ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri ya kifo, anasalitiwa. Orodha hiyo ni ya kweli, ila haijamliza mtu hata mmoja. Utendi haukutungwa ufupishwe. Msomeeni mtoto tukio zima la kisimani kwa sauti, na akimaliza kuuliza maswali yake, msomeeni na Priam. Na mwenye mzee anayezijua beti asizoziandika mtu, aketi naye na kinasa sauti wiki hii, kwa maana manju naye hufa.