Ukimya wa Mathematica

Mathematica, programu ya hisabati iliyotolewa mwaka 1988, hulirudisha jina isilolijua jinsi lilivyoandikwa. Katika aljebra hiyo ni hekima, kwani herufi x haihitaji thamani. Katika kupakia kifurushi alichokitunga mtumiaji, ni mtego. Faili isipoonekana katika folda zilizoorodheshwa kwenye $Path, programu hulalamika. Bali jina lisilotajwa kabla ya sehemu ya ndani iitwayo Private hubaki limefichwa, na mtumiaji hurudishiwa swali lake bila onyo. Vilevile, amri ya Needs haiisomi tena faili iliyokwisha kupakiwa, hata ikisahihishwa; Get ndiyo huisoma upya. Mwanafunzi huishia kuitilia shaka hesabu yake, ilhali kosa limo katika majina. Lugha inayolipokea kila neno haina budi kumwonyesha msemaji lipi halijapewa maana.