Mstari Hafifu Usihesabiwe Kichocho

Kipimo cha mkojo cha POC-CCA kilipata kingamwili nzuri, kikaharibiwa na kanuni mbaya ya usomaji: mstari hafifu uhesabiwe maambukizi. Katika ufuo wa Ziwa Victoria huko Luanda Kotieno, Kenya, na Mbita ng'ambo ya feri, kanuni hiyo inaweza kupotosha ramani nzima ya kichocho cha matumbo.

Kingamwili hizo, zao la kazi ya Leiden, Uholanzi, hushika sukari iliyobandikwa kwenye CCA, protini ya mnyoo wa kichocho: Lewis X iliyojirudia kwa mnyororo, ambayo mnyoo huitapika kwenye damu ya mwenyeji na figo zikaichuja. Hapo kazi ilifanyika vizuri.

Lewis X hukamilishwa na fukosiltransferasi, kimeng'enya kinachobandika fukosi, na binadamu naye anacho. Neutrofili zake, aina ya chembe nyeupe za damu, hubeba sukari hiyohiyo kwenye utando, ndiyo CD15. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo hukojoa chembe hizo kwa wingi. Kwa kuwa kingamwili za CCA hupendelea mnyororo mrefu, sukari ya binadamu hushikwa kwa ulegevu, na mshiko mlegevu baada ya dakika 20 huweza kutoa mstari wa waridi uliofifia, ambao msomaji mmoja akiielekeza kaseti ya kipimo dirishani anauona na mwenzake hauoni. Kichocho chepesi nacho huonekana vivyo hivyo. Kuziweka hali hizo mbili kapu moja ni kuikataa kemia ya kipimo chenyewe.

Mgonjwa mmoja akipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, bila sababu, madhara ni madogo. Kijiji ni jambo jingine. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa kwa jamii kila mwaka pale maambukizi yanapofika asilimia 10, na mistari hafifu michache inatosha kukivusha kijiji kizingiti hicho.

Kipimo cha choo cha Kato-Katz, cha 1972, hakina utata huo. Miligramu 41.7 za choo, mayai yahesabiwe, idadi izidishwe kwa 24. Yai lenye mwiba wa ubavuni likionekana, ubishi umekwisha. Ni kweli kipimo hicho hukosa maambukizi mepesi.

Kaseti za kulinganishia za G-score, zenye ngazi za ukolezi wa mstari, zimepunguza ubishi wa macho, lakini haziondoi mshiko mlegevu. Mwenye mstari hafifu apimwe tena mkojo wa siku nyingine pamoja na choo, na ripoti itoe viwango viwili vya asilimia, kimoja chenye mistari hiyo na kingine kisicho nayo, pamoja na namba ya toleo la kaseti.