Silinda Nne, Pumzi Moja

Watazamaji wa mbio za pikipiki hushangilia mwendo kwenye barabara iliyonyooka. Fundi anayesawazisha throto huwaza kona: pale mwendeshaji ameachia mafuta, amelaza pikipiki hadi goti linagusa lami, na sasa anataka kuvuta mafuta tena, kidogo tu. Kazi yote ya fundi huyu ni kwa ajili ya kidogo hicho.

Chukua injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Kila silinda ina throto yake, mrija mfupi wenye kisahani cha duara ndani, yaani kipepeo, kinachogeuka kupitisha hewa. Vipepeo vikiwa wazi kabisa, tofauti ndogo baina yao haina madhara. Vikikaribia kufungwa, hewa hupenya kwenye upenyo mwembamba pembeni, na hapo tofauti ya unene wa unywele huipa silinda moja hewa nyingi kuliko jirani yake. Kompyuta ya injini husoma pembe moja tu na kugawa mafuta ikiamini vipepeo vyote vimekaa sawa. Kumbe silinda moja imezidiwa na mafuta, nyingine ina hewa tele. Injini hushtuka mafuta yanapovutwa, na mshtuko huo ukifika tairi la nyuma pikipiki ikiwa imelala, tairi linaweza kuteleza.

Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Kwanza hupima tapeti, maana valvu isiyofunga vizuri hudanganya geji. Hukagua mipira inayoshika throto isiwe inavujisha hewa. Huwasha injini mpaka ipate joto la kazi, na kuelekeza feni kwenye rejeta kwa kuwa pikipiki imesimama. Ndipo huunganisha mipira minne myembamba kutoka kwenye throto hadi geji nne za kupima mvuto wa hewa.

Mishale ya geji hairuki bure: kila pistoni huvuta hewa kwa zamu yake. Katika injini ya mashindano hutikisika zaidi, kwa sababu kemshafti zake huacha valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Hivyo fundi hubana kidogo njia ya mipira ili mishale itulie, na hupandisha mizunguko hadi usomaji ueleweke.

Penye skrubu zinazounganisha vipepeo, husawazisha silinda ya kwanza na ya pili, kisha ya tatu na ya nne, halafu skrubu ya kati hupatanisha jozi hizo mbili. Bisibisi husogea robo ya mzunguko, pengine chini ya hapo. Mwongozo wa Yamaha R6 huvumilia tofauti ya milimita 10 za zebaki, ilhali mgandamizo wa hewa usawa wa bahari ni 760. Fundi wa mashindano huiona hata hiyo 10 kuwa nyingi.

Ustadi huonekana mishale ikishalingana. Anayejifunza hufunga kazi hapo. Mzoefu huvuta mafuta kwa nguvu, huachia, husubiri vyuma vikae, kisha husoma upya. Mishale ikitawanyika, huanza tena bila kununa. Namba isiyorudi palepale kila mara haihesabiki.

Mwendeshaji akirudi kutoka mazoezini atalalamikia tairi, breki na upepo. Asipotaja throto kabisa, fundi amefaulu.