Kutafuta Mwanga Ndani ya Dhiil

Ayeyo hakuitazama dhiil kwa nje. Aliipokea kwa mikono miwili, akaondoa kifuniko, akaelekeza kitako cha dhiil kwenye jua la asubuhi, kisha akaweka jicho moja mdomoni mwa chombo na kunyamaza. Alikuwa akitafuta mwanga. Dhiil ni chombo cha maziwa cha Wasomali, husukwa kwa nyuzi za mizizi na magome, na kazi yake yote ni kuzuia. Mwanga ukipenya, maziwa nayo yatapenya. Akaigeuza polepole, robo kwa robo, akafika mahali akasimama. "Hii hapana," akasema, akaiweka kushoto kwake. Kushoto palikuwa na sita. Kulia palikuwa na moja.

Hapo katika mji wa Diff, nimeketi mkekani kando ya Ayeyo, jina ambalo Wasomali humwitia bibi, ndipo nilipoanza kujifunza kazi ambayo tayari nilikuwa nikilipwa mshahara kuifanya.

Mimi ni mchaguzi wa bidhaa katika duka la zawadi la mtandaoni lililoko Nairobi. Mteja wetu hagusi kitu, hanusi, hapimi uzito mkononi. Anaona picha, anasoma mistari michache, analipa kwa M-Pesa, na mara nyingi kifurushi hakimfikii yeye bali mtu mwingine: dada anayeolewa, mwalimu anayestaafu, rafiki aliyehamia Minneapolis. Kwa hiyo mtu wa mwisho kukikagua kitu hicho kabla hakijafungwa ni mimi. Nikikosea, anayeaibika ni mtoa zawadi, tena mbele ya mtu anayempenda.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mtandaoni hakijiuzi. Kizuri na kibaya vikipigwa picha kwenye kitambaa cheupe, karibu na dirisha, hufanana kama mapacha. Anayejua tofauti ni yule aliyeviinua vyote viwili, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa kutoka kwenye kiti cha ofisini, hata simu ziwe na kamera nzuri namna gani.

Diff ni mji wa Wajir Kusini uliokaa mpakani kabisa. Ng'ambo ya mstari mji unaendelea, ila huko ni Somalia na jina huandikwa Diif. Gari likitoka hapo hupasua mchanga na vichaka kabla ya kuifikia njia ya Garissa na Nairobi, na mvua za masika, ziitwazo gu, zikinyesha, lori linaweza kulala porini. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Garissa, mizigo ya kila namna ilikwama, yetu ikiwemo. Mawasiliano nayo ni ya kubahatisha, kwani katika ukanda huu wa mpakani minara ya simu imeshambuliwa na kuharibiwa mara nyingi. Oda inaweza kuingia Jumatatu na jibu la "ipo" au "haipo" likaja Alhamisi.

Basi kwa nini kwenda mbali hivyo kutafuta zawadi, wakati masoko ya Nairobi yamejaa vitu vya kuuzia watalii?

Kwa sababu vitu ninavyovitafuta vilikuwa zawadi kabla mimi sijafika. Katika desturi ya wafugaji wa Kisomali, upande wa mume ukitoa mahari, upande wa bibi arusi hujibu kwa dhibaad, na moyo wa dhibaad ni nyumba nzima. Ni aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, inayobomolewa na kupakiwa juu ya ngamia kila watu wanapohama. Mama wa bibi arusi na jamaa zake wa kike huiandaa kwa miezi: mikeka ya kuezekea, mikeka ya kulalia, kamba, haan za maji, dhiil za maziwa. Kila mshono unajua unakwenda kwa nani. Mkeka ukivuja usiku wa mvua, binti atamkumbuka shangazi aliyeusuka, wala si kwa wema. Wasukaji hao wamezoea kutengeneza kitu kwa ajili ya mtu ambaye hawatakuwa karibu naye atakapokitumia. Mteja wa mtandaoni yuko katika hali iyo hiyo. Tofauti ni umbali tu.

Hiyo ndiyo kanuni yangu sasa, na sijaiona ikinidanganya: chagua kitu ambacho kwao ni zawadi. Kilichobuniwa ili kumpendeza mgeni huchoka haraka, kama salamu ya mtu anayetaka kukuuzia jambo.

Nilichojifunza kwa Ayeyo sehemu kubwa ni namna ya kukataa. Mkeka anaugeuza upande wa nyuma kwanza, kwa sababu mbele ni pa wageni na nyuma ndiko msukaji alikoficha ncha zake. Anaulaza chini na kutazama pembe nne: moja ikiinuka, mkono ulichoka. Analowesha kitambaa cheupe na kusugua pale penye rangi nyekundu, maana nyekundu ya dukani ndiyo inayochuja zaidi. Siku hizi wanawake husuka pia kwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye sweta kuukuu na magunia ya plastiki. Nilidhani atazikataa. Hakuzikataa. Alizivuta, akaziona ni imara, akasema mkeka hauulizwi nyuzi zimezaliwa wapi. Hapo nilitambua kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ushamba wa kutaka kila kitu kionekane cha kale.

Kuna mambo ambayo mkono hauyawezi, yanataka pua. Uunsi, ule mchanganyiko wa sukari, ubani na manukato ambao Mswahili wa pwani ataufananisha na udi wa chetezoni kwake, huwezi kuujua ukiwa ndani ya kopo. Sharti uweke kipande kidogo juu ya kaa la moto na usubiri. Mwanzo kila uunsi hunukia. Ni baada ya moshi wa kwanza kupita ndipo ukweli unapotoka: ule uliojazwa sukari ili uzito uongezeke huanza kutoa harufu ya karameli iliyoungua. Ayeyo husubiri mpaka kaa linakaribia kufa. Ameniambia mgeni hukaa chumbani zaidi ya dakika moja.

Na utomvu. Vichaka vya Wajir na Garissa vina miti ya jamii ya Commiphora, na kwa jicho la mgeni donge la utomvu ni donge la utomvu. Malmal ndiyo manemane, yenye wekundu wa udongo na uchungu ulimini. Hagar hutoka kwa ndugu yake, Commiphora holtziana, na wafugaji huitumia kufukuza kupe kwenye mifugo. Zote mbili zina thamani, lakini ole wako ukimpelekea bibi arusi dawa ya kupe kwenye kisanduku chenye utepe. Wakristo hukumbuka kwamba mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Hilo limenituliza mara nyingi ninapoulizwa na wenzangu ofisini kama utomvu wa porini unafaa kuwa zawadi.

Vingine hukataliwa si kwa ubaya. Wakati mmoja nililetewa okole, ndoo ya ngozi ya twiga ambayo Waborana waliitumia kuchotea maji visimani, imefanywa nyeusi na kung'arishwa na mikono ya miaka mingi. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile katika kazi hii. Sikukinunua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza biashara ya nyara bila kibali, na hata kama isingekataza, duka likinunua okole moja, kuna mtu atakwenda kumtafuta twiga wa pili. Mchaguzi lazima ajue pia kwamba mizizi na majani yakivuka mpaka yanadai cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na kwamba bungua mmoja aliyejificha kwenye kitako cha mti anaweza kulitoboa sanduku zima kabla halijafika kwa mpokeaji.

Nchi hii iliwahi kuwa na wachaguzi waliofundisha wengine. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji asiyechoka wa sanaa, vitabu na vyombo vya Afrika. Alan Donovan, Mmarekani aliyefika Turkana mwaka 1970, alianza kukusanya vitu vya matumizi ya kila siku, vile ambavyo wageni wengi walivipita bila kuvitazama. Mwaka 1972 wawili hao, pamoja na Sheila, mkewe Murumbi, walianzisha African Heritage, jumba la sanaa jijini Nairobi. Sehemu ya mkusanyo wa Murumbi iko katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale karibu na sanamu ya Tom Mboya. Mimi huenda mara moja moja. Nasimama mbele ya kitu kimoja tu na kujiuliza: kwa nini hiki, na si kile kilichokuwa kando yake siku ile sokoni? Na mwaka 2018 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilizindua mradi wa MADE51, unaoziingiza kazi za mikono za wakimbizi katika soko la dunia. Tarakimu zile zinatokana na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951. Nafurahi kuona kazi za wakimbizi zikichaguliwa kwa uzito huo, hasa kwa kuwa katika ukanda huu wa Wajir na Garissa kambi za Dadaab zimekuwepo tangu 1991.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maneno. Dhiil ilikuwa nzuri, Ayeyo mwenyewe aliipitisha. Nikaipiga picha, nikaandika kwamba imesukwa kwa mkono, ni ya asili, ni ya kipekee. Mteja wa Mombasa alimtumia mama mkwe wake. Baada ya siku nne ikarudi, na ujumbe mfupi: inanuka moshi, bila shaka iliponea kwenye moto. Alikuwa na haki. Sikuwa nimemwambia kwamba dhiil hufukizwa. Kijinga cha moto cha mti mzuri, mareer kwa mfano, huingizwa ndani na kuzungushwa, na moshi ule ndio unaosafisha chombo, ndio unaofanya maziwa ya ngamia yakae bila kuharibika upesi na yawe na ladha ambayo aliyekulia porini huitafuta maisha yake yote akiwa mjini. Nilikuwa nimeandika sifa tatu na kuacha jambo moja la kweli.

Sasa maelezo yangu huanza hivi: "Chombo hiki kinanukia moshi. Ndivyo kinavyosafishwa." Hakuna aliyerudisha tena. Wapo wanaoandika kuuliza ni mti gani.

Bei nayo niliijifunza mkekani. Ayeyo hasemi shilingi kwanza. Anasema nyuzi zilichimbwa lini, zilikaushwa siku ngapi, nani alisuka na alikuwa na watoto wangapi miguuni, halafu bei inakuja yenyewe na mtu anaona haya kuipunguza. Mchaguzi asiyeijua hesabu hiyo hawezi kuitetea bei mbele ya meneja wake, sembuse mbele ya mteja.

Mtungi wa plastiki wa manjano umeishinda dhiil njiani. Ni mwepesi, haupasuki, unapangwa vizuri ndani ya gari linalopeleka maziwa mjini. Ukame wa misimu mitano mfululizo ulioisha 2023 uliua mifugo mingi, na pasipo maziwa nani atahitaji chombo cha maziwa? Wapo walioniambia nipeleke Diff agizo la dhiil za mapambo: ndogo, kitako bapa, usukaji wa haraka, bei nusu. Nililifikisha kama nilivyotumwa. Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kisichoshika maziwa si dhiil," akasema. "Ni kofia."

Agizo halikufanyika. Dukani kwetu dhiil ni chache, na ukurasa wake hukaa bila kitu kwa wiki kadhaa, ukingoja ile moja ya upande wa kulia. Naona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ukiletewa moja, usiioshe kwa sabuni. Isuuze kwa maji ya moto, iache ikauke kivulini mdomo ukiwa wazi, kisha ifukize.