Kiti Kilichokubali Kugawanywa

Nyumbani kwetu ubora wa kiti ulipimwa kwa uzito. Sofa za mvule zilipoletwa, kila moja ilibebwa na wanaume wanne, na baba akasema, "Sasa hivi ndivyo viti." Mama hakusema kitu. Yeye ndiye aliyezisukuma kila Jumamosi ili afagie chini yake, mpaka mgongo ukakataa.

Basi kiti cha Charles na Ray Eames nakitazama kwa macho ya mama.

Charles na mwenzake Eero Saarinen walishinda shindano lililotangazwa mwaka 1940 na jumba la sanaa la MoMA, New York. Viti vyao vilikuwa vya plaiwudi iliyokunjwa kufuata mwili, kikalio na egemeo vikiwa kitu kimoja. Shida ni kwamba plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Ukiikunja upande mmoja inatii. Ukiikunja pande mbili kwa mpigo, inapasuka. Wao wakazifunika nyufa kwa kitambaa. Kwangu mimi, hapo kiti kilikuwa kinadanganya.

Baadaye Charles na mkewe Ray walihamia Los Angeles, wakaunda mashine ndani ya nyumba ya kupanga: kalibu ya plasta, na pampu ya baiskeli ya kujaza upepo ili mbao zikandamizwe. Wakati wa vita walilitengenezea jeshi la majini la Marekani banzi za kufungia miguu iliyovunjika. Walizikata matundu na mianya, ili mbao ipate nafasi ya kujikunja bila kupasuka.

Kiti chao cha 1946 kinaonyesha walivyojifunza. Kikalio peke yake, egemeo peke yake, na raba pale vinaposhikana na fremu. Wengi husifu ile mikunjo. Mimi nasifu mwanya ulioachwa kati ya vipande viwili: hapo wabunifu walikiri kwamba mbao imekataa, wakaacha kuificha. Na kiti kikawa chepesi, mama angekiinua bila kuita mtu.

Kasoro yake ni bei. Kilikusudiwa nyumba za kawaida, lakini leo kipya kinauzwa zaidi ya dola 1,000. Nilipomwonyesha fundi wa mtaani kwetu picha, alicheka: "Plaiwudi ni ya dari, bana!" Kisha akaivuta simu karibu na macho, akauliza, "Na hiyo raba, imeshikwa na nini?"